Aikaeli na Mbuzi wa Bibi

Wifi yangu Aikaeli nampenda, lakini siku ile nilimkasirikia, na mpaka leo najuta.

Shule ya mtaani kwetu, hapa Elerai, ilitafuta wazazi wa kufundishwa namna ya kuwasomesha watoto waliobaki nyuma. Aikaeli akawa wa kwanza kujiandikisha, nami nikamfuata. Binti yake Irine alikuwa anarudia darasa la pili, na mwalimu mkuu alishasema wazi: akishindwa tena kusoma, anarudi la kwanza kukaa na vitoto vya miaka sita. Mtoto ana miaka kumi, jamani!

Mwalimu Ephraimu alitusomea kitabu cha mbuzi, mara mbili, kisha akatuambia tusome mmoja mmoja. Aikaeli aliweka kidole chini ya mstari, akasoma chote bila kukwama. Tukampigia makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, mjinga mimi. Kanisani nimesimama naye miaka kumi na miwili. Kitabu cha nyimbo mkononi, beti zote zinatoka. Nani angefikiria kumuuliza kama anasoma?

Kila jioni, ndizi zikichemka, alimfundisha Irine jikoni. Kidole chini ya mstari, mama anatangulia, mtoto anafuata. Wiki tatu tu, Irine akawa anakisoma kama maji. Aikaeli akalia kwa furaha, akaniambia, "Wifi, mwanangu ameokoka na aibu."

Siku ya kupimwa, sisi wazazi tukiwa tumekaa nyuma darasani, Mwalimu Ephraimu alimpa Irine kitabu kingine, cha kisima. Mtoto akaweka kidole, akasoma kwa sauti: "Mbuzi wa bibi amekula kofia ya babu."

Wenzake wakacheka. Irine akaanza kulia. Mwalimu akageuka, bila ubaya wowote. "Mama Irine, hebu msaidie. Msomee mstari huu mmoja."

Aikaeli alikishika kile kitabu. Akaninong'oneza, "Wifi, nisaidie." Nami, kwa hasira zangu, nikamjibu mbele za watu, "Si usome! Unatuaibisha nini?"

Maskini Aikaeli akaweka kidole chini ya mstari.

"Mbuzi wa bibi," akasema taratibu, "amekula kofia ya babu."

Irine akafuta machozi. "Umeona, Mwalimu?" akasema. "Hata mama anasoma hivyo hivyo."