Mlisha Mbwa wa Maabara

Vidole vya mzee mlisha mbwa vilikuwa vinene kama ndizi, lakini supu alimnywesha mbwa mmoja jike kwa kijiko cha chai, huku akimpapasa shingo yenye kovu. "Haraka ya nini, bi mkubwa?" alimwambia kila asubuhi. Jike alikuwa amepandikizwa koromeo, kiungo cha sauti, la mbwa mwingine, na miezi mitano ilikuwa imepita bila yeye kutoa hata mguno.

"Mzee, asipobweka leo, kesho ni sindano ya mwisho," alisema daktari.

"Koo si bomba, daktari, ukafungua tu."

Akamsugua tena shingo. Jike akakohoa, kisha akabweka, sauti nzito ya kukwaruza. Daktari akaruka kwa furaha. "Umesikia, mzee?"

"Nimesikia," akajibu polepole. "Mwenye sauti hiyo pia nilimlisha mimi."