Jiwe Nililolivunja Kabla ya Wakwe Kuja

Mwanangu, iko asubuhi moja pale Kianjai ambayo sijaisahau. Nilikuwa kijana, nimenunua mashine ya kusaga unga kwa jasho langu mwenyewe. Shule niliiachia darasa la sita, lakini hakuna kijana sokoni aliyenifikia. Hata leo sijui kama yupo.

Wakati wa kuifunga ile mashine, kokoto za msingi zilinipungukia. Nikachukua jiwe la kusagia la nyanya yangu, lile pana lililolika katikati, nikalipasua kwa nyundo nikalitia kwenye simiti. Nikamwambia nyanya, "Magoti yako yapumzike. Mashine itasaga kila kitu."

Wiki iliyofuata wakwe wakaja kuona boma kabla ya kunipa binti yao Karimi. Mama alikuwa ameloweka nafaka ya wimbi ya uji wa wageni, ule mchachu. Na wimbi lenye maji, mwanangu, ni la kusagwa kwa jiwe. Mimi, bingwa, nikalimwaga kwenye mashine wote wakiona. Ikakohoa, mkanda ukatoa moshi, chujio likajaa tope, ikazima.

Shangazi yake Karimi akauliza, "Kwani hii boma haina jiwe?"

"Lilikuwepo," nyanya akajibu. "Huyu mkwe wenu amelizika hapo chini ya mashine."

Wakacheka sana. Karimi hakucheka, alikuwa anaangalia lango. Nikaona mke anaenda.

Nikakimbia kwa jirani, nikarudi na jiwe lake begani. Nyanya akasema, "Haya, piga magoti." Mwanamume, mbele ya wakwe! Nikapiga. Nikasukuma lile jiwe dogo la mkononi juu ya wimbi lililobaki, mbele, nyuma, hadi jasho likaniingia machoni.

Uji ulipoiva, shangazi akauonja. "Uko na mabonge," akasema, "lakini kijana ameinama. Karimi, unasemaje?"

"Atajifunza," Karimi akasema.

Leo nina mashine nne, kutoka Kianjai mpaka Githongo, na mke ni yule yule. Kwa hivyo nisikilize. Kitu kipya nunua, usiogope. Lakini kabla hujavunja cha zamani, muulize aliyekitumia kinafanya kazi gani. Na ukikosea mbele ya watu, rekebisha wakiwa hapo hapo, usingoje waende. Mungu akupe mikono ya kazi, akupe na mtu wa kukuambia ukweli, nawe umsikie mapema kuliko mimi.