Jina la Eproni Ni Langu

Nimekosa. Nasema hivyo kabla ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitazungukazunguka mpaka karatasi iishe.

Katika kituo chetu cha kupimia majani chai, upande wa Merigi, kuna mzee anayeitwa Eproni. Watoto humwita hivyo. Akina mama humwita hivyo. Karani wa mizani naye akifika kwenye mfuko wake hupaza sauti, "Eproni, leta," na foleni nzima inacheka. Jina hilo si lake. Ni langu. Huu ni mwezi wa nne akilibeba, na mimi nasimama kwenye foleni hiyo hiyo, watu wawili au watatu nyuma yake, nikiangalia viatu vyangu.

Chanzo chake ni sinema ya kutisha. Nina miaka sabini na miwili, nilimaliza kidato cha nne, Jumapili nasoma somo kanisani. Na nimempoteza rafiki kwa sababu ya sinema.

Mzee huyo ni Odhiambo. Alitoka kwao ziwani akiwa kijana, tukaandikwa kazi siku moja katika mashamba makubwa upande wa Kericho, yeye kwenye mitambo ya kukausha majani, mimi kuchuna kabla hawajanipa ukarani. Kambini tuliishi mlango kwa mlango. Tulipostaafu nilimtafutia kipande cha shamba karibu na changu, akapanda chai, akazeekea hapa. Kikipsigis anakijua kuliko wajukuu wangu. Watu wote huniita Karani. Yeye peke yake alikuwa akiniita omera, kama wanavyoitana marafiki kwao.

Sasa turudi nyuma. Jumamosi moja mchana, tukiwa vijana, gari la sinema lilikuja kambini. Walifunika madirisha ya ukumbi kwa magunia, wakatundika shuka nyeupe, na mtu mwenye kipaza sauti akatueleza tutakachoona: mshonaji wa sanda anawaibia maiti kitambaa, na maiti wanarudi mmoja mmoja kudai kipande kilichopungua.

Maelezo hayo ndiyo niliyoyapata kikamilifu. Maiti wa kwanza alipobisha mlango, nilivuta eproni yangu ya plastiki, ile ya kuchunia ambayo nilikuja nayo moja kwa moja kutoka shambani, nikajifunika kichwa. Nilikaa humo mpaka magunia yalipoondolewa dirishani. Humo ndani kulikuwa na joto, na harufu ya majani mabichi, na sauti moja ambayo haijanitoka masikioni: kra, kra, kra, kama mkasi.

Aliyejua ni mtu mmoja tu, Odhiambo, aliyekuwa ameketi kando yangu. Tukiwa njiani nilimshika mkono nikamwambia, "Usimwambie mtu." Akasema, "Nakuahidi." Hakucheka hata kidogo.

Jumatatu wenzetu waliokuwa zamu wakaniuliza sinema ilikuwaje. Hapo ndipo ningesema kwamba sikuiona, na leo nisingekuwa nawaandikia. Badala yake niliwaambia habari za mkasi. Uliruka kutoka mezani, nikasema, ukapanda ngazi ukitembea kwa miguu yake miwili, kra, kra, kra, hadi chumbani kwa mshonaji. Watu walishika vichwa. Na mimi nikaonja utamu wake.

Mkasi huo nimeusimulia karibu miaka hamsini. Lori la majani likichelewa, na huchelewa siku nyingi, watu husema, "Karani, tupe mkasi." Baadaye niliongeza tepu ya kupimia iliyojifunga shingoni. Kisha nikaongeza cherehani iliyojiendesha yenyewe mpaka ikashona ulimi wa mshonaji. Mama mmoja alitoa cherehani yake chumbani akaipeleka kwenye banda la ng'ombe kwa ajili yangu. Odhiambo husikiliza mkono kidevuni, na nikimgeukia nimwulize, "Si ulikuwepo?" hujibu, "Nilikuwepo." Haongezi neno. Uongo haukuwa kazi yake.

Mwaka huu mjukuu wangu Cherono alirudi kutoka chuo kwa likizo. Alitukuta kituoni mchana, watu kama ishirini, mifuko imejaa, na dereva amepiga simu kusema lori limekwama kwenye matope, tusubiri.

"Kugo," akasema, maana ndivyo wajukuu wetu wanavyomwita babu, "ile muvi yako ya mshonaji wameifanya tena. Iko mpya, ya rangi. Na orijino pia nimeipata. Zote ziko kwa laptop. Niwawekee gani pale hotelini?"

Hoteli yenye televisheni kubwa iko hatua hamsini kutoka kituoni. Mabishano yakaanza kabla hajamaliza kusema.

"Mpya, mpya," kijana mmoja wa bodaboda akasema. "Ya zamani hata damu itakuwa nyeusi kama oili."

"Mpya wanakuonyesha kila kitu," nikamjibu. "Ya zamani inakuacha umalizie mwenyewe kichwani."

Maneno hayo niliyamaanisha kuliko walivyojua.

Odhiambo akakohoa. "Mimi naona tuangalie mpya," akasema polepole. "Ya zamani sisi wazee tumeshaimaliza. Tena hizi mpya huwa zinabadilisha mambo. Mtu akikosa kitu fulani, atajua tu kwamba wamekitoa."

Leo nayaelewa maneno hayo vizuri sana. Alikuwa ananifungulia mlango wa nyuma nipite. Siku hiyo nilichosikia ni rafiki yangu akinipinga mbele ya watu, katika jambo ambalo mimi ndiye bingwa wake.

"Wewe siku ile ulikuwa unasinzia," nikamwambia.

"Omera, nisikilize. Tuangalie mpya."

Ndipo nikasema neno ambalo, kama lingeweza kurudi mdomoni, ningelimeza pamoja na meno. Nilisema, "Mtu wa kuja hawezi kutuamulia hapa."

Huku kwetu neno hilo si la mzaha. Kuna miaka watu waliotoka kwingine walifungasha vyombo wakaondoka kwa sababu yake. Miaka hiyo mimi mwenyewe nilitandika magodoro sebuleni, Odhiambo na mkewe na watoto wakakaa kwangu mpaka mambo yakatulia. Sasa neno lile lile nimelitamka mimi, kwa ajili ya mkasi.

Odhiambo akatikisa kichwa mara moja.

"Sawa," akasema. "Nendeni. Mtu wa kuja atabaki na majani."

Tukaenda. Tena mimi nilitangulia.

Msomaji, ile sinema ya zamani haitishi. Yule maiti wa kwanza, aliyenipeleka ndani ya eproni, alibisha mlango, akaingia, akavua kofia, akakaribishwa kiti. Wakazungumza habari za kitambaa kwa adabu kama watu wa kamati. Maiti wa pili alikuja na mkewe. Nikaanza kutokwa na jasho.

"Karani," sauti ikatoka nyuma, "ngazi ziko wapi? Hii nyumba si ni ya chini tu?"

"Subirini," nikasema.

Mara ikaja: kra, kra, kra. Nilisimama, nikanyoosha kidole. "Huo sasa. Huo."

Picha ikageuka ikatuonyesha jikoni. Alikuwa mke wa mshonaji. Alikuwa anakata kabichi.

Hoteli nzima ililala juu ya meza kwa kucheka. Mpishi alitoka na mwiko mkononi kuuliza kuna nini. Yule mama wa cherehani ndiye peke yake hakucheka. Aliniangalia tu, nadhani akikumbuka banda la ng'ombe.

"Sehemu ya mkasi wameikata," nikasema.

"Kugo, hii ndiyo ile yenyewe," Cherono akasema kwa huruma. "Hakuna kilichokatwa."

"Basi muulizeni Odhiambo. Tulikaa naye benchi moja."

Tukateremka kituoni, mimi mbele, kicheko nyuma yangu. Tulimkuta ameinama kwenye meza ya kuchagulia majani, mikono imekuwa ya kijani hadi viwiko.

"Odhiambo," yule wa bodaboda akaita, "huo mkasi ukipanda ngazi, wewe uliuona?"

Odhiambo akaniangalia. Nilimtolea tu macho, vile mbwa hukutolea macho ukiwa unakula.

"Mimi siwezi kujua," akasema. "Siku hiyo nilijifunika kichwa na eproni kutoka mwanzo hadi mwisho."

Kisha mtu akauliza, "Fundi wa mitambo, eproni ulitoa wapi?"

"Nilimnyang'anya Karani."

Kile kicheko kilichonifuata kutoka hotelini kiliniacha palepale, kikamrukia yeye. Mwanamume mzima, kichwa ndani ya eproni, akiogopa watu wanaozungumza habari za kitambaa. Mkasi ukasahaulika. Wakasema labda Karani alichanganya na sinema nyingine, ni umri. Kufika jioni alikuwa Eproni.

Ningesema wakati huo. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nililofanya ni kutabasamu pamoja nao. Kosa ninaloliungama hapa ni hilo. Mkasi ulikuwa uongo wa kijana, na lile neno lilikuwa hasira. Lakini lile tabasamu nililitoa nikiwa na akili zangu timamu.

Mara lori likafika. Hapo ndipo tulipokumbuka majani. Anayelima chai anajua: majani yakibanwa mfukoni mchana kutwa hupata moto, hugeuka mekundu, na hakuna mashine inayoyachukua. Katika wazimu wa sinema hakuna aliyefungua mfuko wake. Odhiambo ndiye aliyeifungua mifuko yote, akamwaga majani mezani na juu ya magunia, akayageuza kwa mikono yapate hewa, peke yake. Ya watu ishirini. Yote yalipita.

Yote isipokuwa yangu. Mfuko wangu ulikuwa pale pale nilipouacha, umefungwa, juani. Karani wa mizani alitia mkono ndani akautoa haraka.

"Mzee, haya umeyapika?"

Nilimsogelea Odhiambo. "Wangu uliusahau?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Sikuusahau," akasema akijipangusa mikono. "Kichwa chako nilikuahidi. Majani yako sikukuahidi."

Nilibeba mfuko ule hadi nyumbani, mgongo ukiungua kama nimebeba sufuria. Tangu siku hiyo hakai benchi letu. Hukaa upande wa pili, karibu na choo. Na omera sijaisikia tena. Ananiita Karani, kama wengine.

Mke wangu, niliyemwambia yote usiku ule, alinivumilia wiki mbili, kisha akasema, "Nenda ukaseme, au mimi nitasema." Nikaenda. Nilijifunika eproni kichwani nikiwa bado barabarani, siku ya jua kali, ili watu waone wenyewe. Niligonga nguzo ya mizani. Nikasema nikiwa humo humo, "Aliyejifunika ni mimi. Odhiambo alikuwa ananificha. Eproni ni mimi."

Mnajua walisema nini? Walisema nina roho safi. Walisema ni wazee wachache siku hizi wanaoweza kujiaibisha ili kumfunika rafiki. Mama mmoja alinipa parachichi. Jumapili mhubiri akanitaja kama mfano, na mimi nimekaa pale mbele na Biblia ya kusomea.

Miaka hamsini nimedanganya nikaaminiwa. Siku niliyosema kweli nilipewa parachichi.

Nilimwendea Odhiambo shambani kwake. Alikuwa anachuna, hakusimama.

"Waambie wewe," nikamsihi. "Wewe watakuamini."

"Siwezi. Nilikuahidi."

"Nimekuondolea hiyo ahadi."

"Ya miaka hamsini? Huwezi kuiondoa hivi hivi tukiwa katikati ya majani."

"Basi nifanye nini?"

Akatupa chipukizi kikapuni. "Wewe umesoma. Andika. Watu wakiona kitu kimeandikwa wanakubali."

"Na lile neno?"

Hapo alisimama. "Hilo usilipambe," akasema. "Liandike vile ulivyolisema."

Nimeliandika hapo juu, vile nilivyolisema. Jina langu sitaliweka. Watu wa kituoni watanijua, na hao ndio ninaowaandikia kwanza: mwacheni Odhiambo na jina lake. Nyinyi wengine, mkiulizwa kama ya zamani inashinda mpya, au mpya inashinda ya zamani, na hamkuiona, semeni hamkuiona. Haiumi kama mnavyodhani. Na mtu akikushauri polepole, mbele ya watu, uachane na jambo fulani, msikilize, pengine ndiye anayekujua kuliko wote.

Nilipokuwa naondoka shambani kwake Odhiambo aliniita. Si omera, lakini aliniita. Akasema Cherono alimwambia ameiacha ile sinema mpya nyumbani kwangu, niiangalie peke yangu, macho wazi, na ripoti nimletee benchini. Hakusema benchi gani. Nimeamua kuamini ni letu.

Jana mchana nimeiangalia. Mapazia wazi, mke wangu akimenya viazi kando yangu. Ripoti yangu ni hii, Odhiambo, na ni ya kweli: ina rangi nzuri, na nyumba hii ina ngazi. Nimefika dakika ya ishirini, nikaivuta eproni. Kuanzia hapo sijui kilichotokea, kwa sababu sikukiona.