Doria ya Binti Yangu

Binti yangu wa kwanza ni mlinzi kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Ni mrefu kama baba yake, na sare anaipiga pasi mpaka suruali inataka kusimama yenyewe. Wadogo zake wanamwita Afande. Akiingia ndani wanampigia saluti, vijiko mkononi, naye anawajibu, "Pumzikeni, jeshi la njaa."

Mimi kazi hiyo sikuipenda. Mlinzi analala roho juu, na mama yake halali kabisa. Basi kila mchana nampelekea chakula, kisha nakaa kwenye benchi ng'ambo ya barabara nimtazame akifanya doria. Macho yangu hayana likizo.

Neno hilo, doria, alifundishwa mafunzoni. Mkufunzi wao aliwaambia asili yake ni Kiarabu, limetokana na kuzunguka, ukoo mmoja na duara. Binti yangu akalishika hivyo hivyo: anaanzia langoni, anafuata ukuta wa ghala kwa mkono wa kulia, anapita nyuma, anarudi langoni. Funguo zinalia kiunoni. Wakati huo hakuwahi kuruka kona.

Kisha nyaya za umeme zikaanza kupotea, mchana kweupe. Msimamizi akamwambia zikipotea tena, avue sare aende zake. Jioni hiyo hakugusa chakula, na wadogo zake hawakupiga saluti.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi langu nikakaza macho kwenye uzio wa waya. Binti yangu akapita, funguo zikilia, akakata kona. Mara kuli mmoja akatoka mlangoni, amevaa koti na jua lote lile. Akatembea polepole pale pale alipotoka kupita binti yangu, akachuchumaa, akasukuma kitu chini ya uzio.

Binti yangu aliporudi langoni nikamwita.

"Mwanangu, nyuma yako kuna mtu."

"Mama, umeshaanza."

"Sijaanza, nimemaliza. Yule mwenye koti. Funguo zako zinamwambia ulipo, naye anapita ulikotoka."

"Lakini doria si ndiyo kuzunguka, mama?"

"Nani kabisha? Zunguka. Ila mimi nilivyowalea nyie watatu, ningekuwa nazunguka upande mmoja tu, sukari ingebaki humo ndani?"

Akacheka kidogo, akarudi kwenye doria.

Mzunguko uliofuata alizishika funguo mkononi zisilie. Akakata kona, akasimama kidogo, akageuka alikotoka. Kuli akakutana naye uso kwa uso, koti limetuna tumboni.

"Natafuta choo, dada."

"Na hizo nyaya, kaka? Unakwenda kukiwekea umeme?"

Makuli wenzake waliangua kicheko mpaka msimamizi akatoka ofisini. Yeye radhi hakuomba. Alimwambia binti yangu aendelee na kazi, basi. Sare ikabaki mwilini, na kwetu saluti zikarudi.

Siku hizi doria yake huielewi. Anakwenda, anarudi, anakata katikati. Juzi aligeuka ghafla akaniona nimeng'ang'ania uzio, bakuli tupu kwapani.

"Mama, nenda nyumbani. Ghala lina mlinzi."

"Naenda, Afande," nikamwambia.

Nikaenda kweli. Ila nilipitia njia ya nyuma, niuzunguke uzio kwanza.