Idhini ya Waimbaji

Laiti ningekataa chuo kikuu kiliponiomba nitunze rekodi za nyimbo za harusi, zile ambazo wanawake wa Mji wa Kale huimbiana wanaume wasisikie. Nilikubali, nikawaapia waimbaji kwamba wimbo hautafunguliwa bila idhini ya aliyeuimba. Katika makubaliano yetu hatukuandika nani atatoa idhini mwimbaji akifa, na sasa wote wamekufa, mke wangu akiwa mmoja wao.

Mjukuu wangu alipochumbiwa alinijia.

"Babu, nifungulie nyimbo za nyanya. Mimi si mwanamume."

"Kamwombe yeye idhini."

"Kaburini?"

Sikumfungulia. Kuzifungua ni kuvunja kiapo, na kuzifuta siwezi. Aliolewa kwa nyimbo za kawaida zilizopigwa kwenye spika, na hadi leo hajakanyaga kwangu.