Kadi Iliyonata Asali

Kadi ya kliniki ya mama yangu ilinuka asali na moshi wa mtarakwa. Mama aliitunza ndani ya mfuko wa ngozi ambao baba alibebea masega, ukining'inia juu ya meko, kwa imani yake kwamba panya hawawezi kuufikia hapo. Kurasa zilikuwa zimenatana, ikabidi kuzitenganisha taratibu kwa ukucha, kisha ulambe ukucha. Mwaka huo wa 2007 nilikuwa darasa la nne, na kazi ya kuisoma nilipewa mimi kwa sababu nyumbani kwetu, msituni juu ya Mau Narok, hakukuwa na msomi mwingine. Shuleni nilikuwa nikishika mkia, lakini nyumbani nilikuwa profesa, na nilitembea kama profesa.

Sisi ni Waogiek. Bibi yangu mzaa baba, ambaye tulimwita Kogo, ndiye aliyekuwa mkunga wa upande wetu wote wa msitu, na mimba alizihesabu kwa maua. Mwanamke aliyeshika mimba wakati mti wa silibwet umechanua huku juu, Kogo alimtarajia ajifungue mti wa tebeswet ukichanua kule chini, nyuki wakishateremka kuifuata. Baba alihamisha mizinga kwa kalenda hiyo hiyo. Hesabu ilimtumikia Kogo vizuri miaka mingi. Lakini miaka miwili nyuma mama alikuwa amejifungua mvulana kabla ya wakati, mdogo kiasi cha kutosha ndani ya kofia ya baba, na hakumaliza siku mbili. Tangu hapo mama aliacha kuimba akienda mtoni. Mimba hii nyingine ilipoingia, alikwenda kliniki peke yake, akarudi na kadi pamoja na masharti: asibebe kuni, anywe maji mengi, na akisikia uchungu kabla ya tarehe iliyoandikwa, aende hospitali mbio. Kogo alisikiliza yote kwa adabu, kisha akasema yule sista wa kliniki ni mtoto mzuri, ila hajui miti.

Mvua za mwaka ule zilikuja vibaya, na tebeswet ikachanua karibu miezi miwili kabla ya desturi yake. Ilikuwa likizo ya Agosti. Kogo alirudi kutoka bondeni na tawi lenye maua mkononi, uso umemkunjuka kwa furaha, akaanza kufagia na kuanika ngozi ya kulalia mzazi. Tumbo la mama lilikuwa dogo, lakini Kogo alisema watoto wa ukoo wetu huwa wembamba, angalieni baba yao. Kwa hiyo asubuhi moja mama alipoweka kikombe chini na kushika mwimo wa mlango, Kogo hakushtuka. Alichochea moto, akanituma maji. Baba alikuwa msituni kwenye mizinga.

"Lete kadi kwanza," mama akaniambia, jasho likimtoka.

Niliitenganisha ukurasa kwa ukurasa, kwa pupa hata nikaichana pembeni. Tarehe ilikuwa ya mwisho wa Oktoba. Mama akaniambia nisome tena, nikasoma tena kwa sauti ya shule, neno kwa neno.

"Hiyo karatasi imeona tebeswet?" Kogo akauliza.

"Mama," mama yangu akamjibu, "yule mwingine tulimpokea tu. Huyu nataka tumwambie angoje."

Kogo alinawa mikono, akaipasha joto motoni, akaiweka juu ya tumbo na kufumba macho. Aliipapasa ile mimba muda mrefu, safari hii bila kuuliza maua yanasemaje. Nilimtazama usoni nikaona anaogopa, na mimi nikaogopa zaidi, maana sikuwa nimewahi kumwona Kogo akiogopa kitu. Mwishowe akasema polepole kwamba mtoto bado yuko juu na bado ni mdogo, na kwamba maua yamemdanganya.

Kuanzia hapo hakuna aliyemshinda kwa mbio. Alisimama katikati ya barabara na fimbo yake mbele ya trekta lililobeba viazi.

"Mathe, toka barabarani, niko na mzigo ya watu," dereva akalalamika.

"Hata mimi niko na mzigo ya watu," Kogo akamwambia. "Panga hizo magunia vizuri, alale."

Mama alilala katikati ya viazi, kichwa mapajani mwangu, na kila trekta lilipokaribia shimo Kogo aligonga bodi kwa fimbo mpaka dereva akapunguza mwendo. Hospitalini sista alimpima mama, akatuambia, "Ni infection ya mkojo, ndio inasukuma mtoto. Dawa iko. Lakini hii kitanda, mama, hutoki mpaka niseme." Alimtundikia maji ya dripu na kumpa dawa, pamoja na sindano za kuyakomaza mapafu ya mtoto. Siku ya tatu uchungu ulikuwa umetulia. Sista akamsifu Kogo, akamuuliza alijuaje kwamba wakati bado. Kogo akamwonyesha mikono yake miwili, huku akinitupia jicho la kunifunga mdomo. Nikafunga.

Mama aliporuhusiwa kurudi nyumbani, wiki zilizofuata zilikuwa za vicheko. Baba, ambaye hakuwa amewahi kuonekana na mtungi, alichota maji na kubeba kuni kwa ukanda wa kichwani kama wanawake, na waliomcheka njiani walikutana na fimbo ya Kogo. Mwisho wa Oktoba Kogo mwenyewe ndiye aliyedai twende hospitali mapema. Dada yangu Chebet alizaliwa mchana kweupe, mnene, akilia kwa hasira kana kwamba tumemchelewesha. Mama aliimba njia nzima ya kurudi, na dereva wa trekta, ambaye Kogo alikuwa amemsimamisha tena, akaitikia asichokijua.

Baada ya hapo Kogo hakumgusa mjamzito yeyote kabla sijamsomea kadi yake, nami nikawa na kazi mpaka nilipomaliza shule. Leo naishi Lanet, kliniki ni mwendo wa dakika kumi, na mimba yangu ya kwanza inahesabiwa wiki kwa wiki ndani ya simu. Msitu wetu umepungua, na Chebet, aliyemzidi baba urefu, ndiye anayepanda kuitazama mizinga iliyobaki. Juzi Kogo alipiga simu. Aliniuliza tarehe iliyo kwenye kadi, nikamsomea, akataka nirudie. Kisha, kwa sauti ya chini, akauliza huko kwangu ni maua gani yamechanua. Nilichungulia dirishani nikamwambia ni bogenvilia za jirani tu, na hizo huchanua mwaka mzima.

Kogo alicheka mpaka akakohoa. "Basi wewe," akasema, "shika kadi."