Chaki katika Nyumba ya Watunzi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la sita nilimfundisha mama yangu kusoma, ndani ya nyumba iliyoogopwa kuliko zote mlimani kwetu, juu ya Mkuyuni. Waliijenga wazungu wawili, mtu na mkewe, watunzi wa vitabu, wakafia humo. Watu walisema mvua ikinyesha taipureta yao husikika, na kwamba anayeandika humo hata akifa atabaki akiandika nao.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kisomo cha watu wazima kimepamba moto. Darasa letu lilikuwa uwanjani, na masika yalipoanza kila mtu akarudi kwake. Mama alikataa, akaniambia nitamfundisha mimi, ndani ya nyumba ile yenye bati. Kwetu Waluguru shamba hufuata upande wa mama, lakini karatasi zetu zote alizisoma mjomba, naye alisoma alichotaka. Mama alikuwa amechoka kuchovya dole gumba kwenye wino.

“Koleta, humo usiingie,” bibi alimwambia. “Watakuweka.”

“Waniweke, mama. Mradi niwe nimejua kusoma.”

Tuliingia mchana, mvua ikipiga bati, mimi na chaki mkononi. Mama, ambaye hakuwahi kumpita mkubwa bila kumwamkia, alisimama mlangoni akasema, “Hodi. Shikamooni.” Tulipoketi tu, chumba cha pili kitu kikaanza kugonga, ta, ta, ta. Mpaka leo sijui kilikuwa nini, na sina haja ya kujua. Nilitaka kukimbia, mama akanishika gauni.

“Nyie mmeandika vya kutosha,” aliwaambia, sauti kavu. “Leo zamu yetu.”

Akaandika ukutani sentensi yake ya kwanza, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo: SHAMBA NI LETU. Wiki iliyofuata walikuja wanawake wengine wanne. Na mjomba alipoleta tena karatasi ya kuwekwa dole, mama aliipokea, akaisoma polepole mpaka mwisho, akamrudishia vilevile, bila dole.

Mama hayupo tena. Siku hizi watoto wa huko wanasema mvua ikinyesha husikika taipureta, na pembeni yake chaki. Wananiuliza kama naamini. Nawajibu kwamba bibi alimwonya, mama akasikia vizuri, akachagua. Kama kweli yumo humo anaandika, wasimwonee huruma. Wakipita, wamwamkie.